Kuku wa nyama: kwa nini chakula chenye protini ya kutosha bado kinaweza kuwadumaza

Katika vipindi vyetu vya ufugaji kuna swali linalorudi karibu kila wiki, kila msikilizaji akiliuliza kwa namna yake: kuku wanakula, hawaumwi, siku 35 zimefika, mbona hawana uzito? Wengi wanaouliza wameingiza vifaranga kwa mkopo wa kikoba au kwa fedha ya mavuno, na siku ya marejesho haisubiri kuku wanenepe. Chakula peke yake kwa kawaida hubeba asilimia 60 hadi 70 ya gharama za kumfuga kuku wa nyama. Penye tatizo la chakula, ndipo hela inapovuja.

Mara nyingi mfugaji hujibu kwamba chakula chake kina protini ya kutosha, na huenda ni kweli. Ila protini ya kutosha na protini inayofaa ni mambo mawili. Tofauti yake iko kwenye vitu vidogo viitwavyo asidi amino. Tumeandika makala hii ili uisome taratibu kwenye simu, na uirudie siku unayokwenda kununua mahindi, mashudu na dagaa.

Protini si kitu kimoja

Protini imejengwa kwa vipande vidogo vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Vipande hivyo ndivyo asidi amino, na zinazotumika kujenga mwili ni aina 20 hivi. Kuku akila soya au dagaa, tumbo na utumbo wake hukata uzi ule, shanga zikaachana, zikaingia kwenye damu. Mwili huziokota na kuziunga upya kwa mpangilio wake wenyewe: nyama ya kidari, manyoya, damu, ngozi, utumbo.

Baadhi ya asidi amino kuku anaweza kuzitengeneza mwenyewe. Nyingine hawezi, au hutengeneza kidogo mno, kwa hiyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Hizo ndizo za lazima, na miongoni mwake ni laisini, methionini, threonini, triptofani, valini, isolusini na arginini.

Fikiria fundi anayejenga ukuta. Ana tofali za kutosha, mchanga na maji vipo, lakini saruji ni mfuko mmoja. Saruji ikiisha, ujenzi umesimama hata kama tofali zimejaa uwanjani. Kumletea tofali zaidi hakumsaidii. Ndivyo ilivyo kwa kuku: asidi amino inayopungua kuliko zote ndiyo inayoamua atakua kiasi gani.

Tena kuku hana ghala la kuhifadhi tofali zilizobaki. Asidi amino zisizotumika huvunjwa, naitrojeni yake ikatolewa kwenye kinyesi, ile sehemu nyeupe. Kinyesi hicho kikioza kwenye maranda hutoa amonia, ile harufu kali inayochoma macho ukiingia bandani asubuhi. Kuku pia hunywa maji zaidi ili kutoa uchafu huo, maranda yakalowa, nyayo zikapata vidonda. Umenunua protini kwa bei ya protini, kuku ameigeuza mbolea.

Tatu zinazopungua mara nyingi

Kwenye chakula cha mahindi na soya, methionini ndiyo hupungua kwanza, ikifuatiwa na laisini, kisha threonini.

Methionini ina salfa, na manyoya yamejengwa kwa protini yenye salfa nyingi. Kuku wa nyama huota manyoya na nyama kwa wakati mmoja, ndiyo maana anaihitaji sana. Ikipungua, manyoya huota vibaya na kuku wanaweza kuanza kudonoana.

Laisini kazi yake kubwa ni nyama, hasa ya kidari. Kwa sababu hiyo wataalamu wa lishe huifanya kipimo, kisha hupanga asidi amino nyingine kwa kuilinganisha nayo.

Threonini inahitajika sana na utumbo. Ute unaolinda kuta za utumbo umejaa threonini, na utumbo usio na kinga nzuri haufyonzi chakula ipasavyo.

Mfano wa kilo 100

Tuhesabu pamoja. Takwimu hizi ni za wastani, maana malighafi hutofautiana, lakini zinatosha kuonyesha jambo lenyewe.

Kilo moja ya mahindi ina laisini gramu 2.5 hivi na methionini gramu 1.8. Kilo ya mashudu ya alizeti ina laisini gramu 10 na methionini gramu 6. Kilo ya mashudu ya soya ina laisini gramu 28 na methionini gramu 6.2. Kilo ya dagaa wakavu, safi, tuichukulie kuwa na laisini gramu 42 na methionini gramu 15.

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994 ambao bado unatumika kufundishia, liliweka mahitaji ya kuku wa nyama wa wiki ya 3 hadi ya 6 kuwa protini asilimia 20, laisini asilimia 1 na methionini asilimia 0.38. Kwa kilo 100 za chakula, hiyo ni laisini gramu 1,000 na methionini gramu 380.

Mchanganyiko wa kwanza: mahindi kilo 36, mashudu ya alizeti kilo 60, na kilo 4 za madini, chumvi na vitamini. Protini inafika karibu asilimia 20. Laisini ni gramu 690 tu. Methionini ni gramu 425.

Mchanganyiko wa pili: mahindi kilo 65, mashudu ya soya kilo 25, dagaa kilo 6, na kilo 4 zilezile za madini, chumvi na vitamini. Protini ni asilimia 20 pia. Laisini ni gramu 1,114. Methionini ni gramu 362.

Ukipeleka mifuko hii miwili ipimwe protini peke yake, majibu yatalingana. Lakini kuku wa mfuko wa kwanza wanapata chini ya robo tatu ya laisini wanayohitaji, hivyo hawatakua kama wenzao hata wakila hadi washibe. Juu ya hapo, kilo 60 za mashudu ya alizeti zina nyuzi nyingi mno na nguvu kidogo kwa ndege huyu.

Hata hivyo, usiyatupe mashudu ya alizeti. Mfuko wa pili umezidi kwenye laisini lakini umepungua methionini, na kwa upande huo alizeti ina msaada. Sasa jaribu wa tatu: mahindi kilo 60, mashudu ya soya kilo 22, mashudu ya alizeti kilo 8, dagaa kilo 6, na kilo 4 za madini, chumvi na vitamini. Laisini inakuwa karibu gramu 1,100 na methionini karibu gramu 380. Zote mbili zimefikia kiwango. Kinachopungua huku kimejazwa na kilichozidi kule.

Kumbuka kwamba mwongozo wa 1994 ni kiwango cha chini kwa kuku wa leo. Mbegu za sasa zinakua haraka kuliko za wakati ule, na kampuni zinazozalisha vifaranga hupendekeza asidi amino zaidi. Ndiyo maana hata mchanganyiko mzuri huongezewa methionini kidogo, kama tutakavyoeleza.

Malighafi zetu, moja moja

Mahindi ni chakula cha nguvu. Protini yake ni asilimia 8 hadi 9, na ina upungufu wa laisini. Pumba nazo hazizibi pengo hilo. Mahindi yakaushwe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13, maana yenye ukungu huleta sumukuvu, na sumukuvu hudumaza kuku hata chakula kikiwa kimepangwa vizuri.

Soya ndiyo inayoendana na mahindi kuliko mazao mengine ya shambani, kwa kuwa ina laisini nyingi. Lakini soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe. Ukimlisha kuku soya mbichi, kongosho lake huvimba na uzito hushuka. Ikaange hadi ipate rangi ya dhahabu hafifu na harufu ya karanga. Usiiunguze. Ikiwa nyeusi au kahawia iliyokolea, laisini yake imeshikana na sukari kwa joto na kuku hawezi kuitumia. Soya iliyokaangwa nzima bado ina mafuta, kwa hiyo protini yake ni ndogo kuliko ya mashudu, asilimia 36 hadi 38 hivi. Usiziweke kilo kwa kilo ukidhani ni kitu kimoja.

Mashudu ya alizeti yanapatikana kwa wingi, hasa Singida, Dodoma na mikoa jirani. Ubora wake unategemea maganda. Yaliyokamuliwa na maganda yote yana nyuzi nyingi na protini kidogo. Yashike mkononi uyatazame: ukiona maganda meusi ndiyo mengi, punguza kiasi.

Dagaa wana asidi amino zinazolingana vizuri na mahitaji ya kuku. Shida yao ni mchanga. Dagaa wa Ziwa Victoria wakianikwa chini hubeba mchanga mwingi, nawe unaulipia kwa bei ya dagaa. Weka kiganja kimoja cha unga wa dagaa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika chache: mchanga utatua chini. Waonje pia. Dagaa wenye chumvi nyingi hufanya kuku wanywe maji kupita kiasi na kulowesha banda. Waondoe kwenye chakula wiki moja au zaidi kabla ya kuuza, ili nyama isinuke samaki.

Damu iliyopikwa na kukaushwa ina protini zaidi ya asilimia 80 na laisini nyingi sana, ila isolusini yake ni kidogo mno. Kilo 2 hadi 3 kwenye kilo 100 zinatosha. Ukizidisha, umemrudisha fundi kwenye tatizo lile lile: saruji imejaa, sasa tofali hakuna.

Mashudu ya pamba yana gosipoli, kemikali inayomdhuru kuku na kuifunga laisini. Kwa kuku wa nyama ni bora kuyaepuka kama hujapata ushauri wa mtaalamu.

Namba kwenye mfuko inaweza kukupoteza

Maabara zinapopima protini kwa njia ya kawaida, hupima naitrojeni iliyomo na kuizidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi naitrojeni ya soya na naitrojeni ya kitu kingine. Asiye mwaminifu anaweza kuongeza urea, na namba ikapanda. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyogeuza urea kuwa protini, kuku hana. Kwake urea ni hasara na inaweza kuwa sumu.

Kwa hiyo ukisoma mfuko, usiishie kwenye neno protini. Tafuta pia kiwango cha laisini na methionini. Tanzania ina sheria inayosimamia vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Ukiwa na shaka, muone ofisa mifugo wa kata akuelekeze namna ya kuchukua sampuli. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wana maabara za kupima chakula cha mifugo. Wafugaji watano au kumi wakichangia, sampuli moja haiwi mzigo.

Laisini na methionini za pakiti

Asidi amino hizi huuzwa zikiwa unga. Kwenye pakiti utakuta jina DL-Methionine au L-Lysine HCl. Baadhi ya wasikilizaji wamekuwa wakihofia kwamba ni dawa za kukuzia kuku au homoni. Sivyo. Ni vipande vilevile vilivyomo kwenye dagaa na soya. Laisini ya viwandani hutengenezwa kwa kuchachusha sukari kwa kutumia bakteria, kazi iliyoanzia Japani miaka ya 1950. Methionini nyingi hutengenezwa kwa njia ya kemia, na mwili wa kuku huitumia kama ile ya chakula.

Kwa mchanganyiko kama wa pili au wa tatu hapo juu, gramu 100 hadi 200 za methionini kwa kilo 100 ndicho kiasi cha kawaida. Angalia kwanza kama premiksi yako tayari ina methionini ndani yake, usije ukaweka mara mbili. Usipime kwa kijiko wala kiganja, tumia mizani ndogo. Changanya gramu hizo na kilo 1 ya unga wa mahindi, kisha na kilo 5, kisha na kilo 20, ndipo umwage kwenye rundo lote. Ukizitupa moja kwa moja kwenye kilo 100, kuku mmoja atapata nyingi na kumi hawatapata kitu.

Kuzidisha si kuwahisha. Methionini ikizidi sana hupunguza hamu ya kula na ukuaji, na laisini ikizidi humfanya kuku ahitaji arginini zaidi.

Umri nao una hesabu yake

Kifaranga anahitaji asidi amino nyingi kwa kila kilo ya chakula kuliko kuku mkubwa, kwa sababu anakula kidogo na anakua kwa kasi. Mwongozo ule wa 1994 unashuka hivi: wiki 3 za mwanzo protini asilimia 23 na laisini asilimia 1.1, wiki ya 3 hadi ya 6 asilimia 20 na 1, baada ya hapo asilimia 18 na 0.85.

Ukitaka kubana matumizi, usibane kwenye chakula cha kuanzia. Kifaranga hula kidogo sana siku hizo, akiba yake ni ndogo, lakini hasara inamfuata hadi sokoni. Chakula cha kumalizia ndicho kinacholiwa kwa wingi, na hapo ndipo kupunguza protini kwa mpango kunaokoa fedha.

Wakati wa joto kali kuku hula kidogo. Wengi hukimbilia kuongeza protini, lakini kuivunja protini iliyozidi kunaongeza joto mwilini mwake. Kinachofaa ni protini ya wastani yenye asidi amino zilizopangwa vizuri, pamoja na maji baridi na hewa ya kutosha.

Pima, usikisie

Dalili za upungufu ni kundi kutolingana, manyoya machache, kidari chembamba, mafuta mengi tumboni ukichinja, na kudonoana. Lakini dalili hizi zinafanana na za minyoo, kuhara damu, msongamano au vifaranga dhaifu tangu mwanzo. Kabla ya kulaumu chakula, ofisa mifugo awaone kuku kwanza.

Kipimo cha uhakika ni mizani. Kila baada ya siku 7, pima kuku 10 kati ya 100, bila kuchagua wakubwa. Kifaranga aliyeingia na gramu 40 anatakiwa afike angalau gramu 160 siku ya 7, yaani mara nne. Asipofika, una muda wa kurekebisha. Ukigundua siku ya 35, umechelewa.

Mwisho wa kundi, gawanya kilo zote za chakula kilicholiwa kwa kilo zote za kuku. Chukua kuku 100 waliokula kilo 340 na kufika kilo 2 kila mmoja: 340 kwa 200 ni 1.7. Chukua wengine 100 waliokula kilo 420 na kuishia kilo 1.5 kila mmoja: 420 kwa 150 ni 2.8. Kila kilo ya kuku wa kundi la pili imekula zaidi ya kilo nzima ya ziada. Zidisha kwa bei ya chakula kijijini kwako, utaona chakula cha bei rahisi kimekugharimu kiasi gani.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

*Je, hesabu hizi zinawahusu kuku wa kienyeji?* Asidi amino ni zilezile, ila kuku wa kienyeji anakua polepole na hujitafutia wadudu na majani. Akiwa huru hahitaji kiwango cha juu hivi. Akifungiwa, chakula chake kinahitaji mpangilio pia.

*Nimekosa soya, nifanye nini?* Ongeza dagaa safi kidogo na laisini ya pakiti, na umuombe ofisa mifugo akukokotolee kwa malighafi ulizonazo. Usizibe pengo la soya kwa alizeti peke yake.

*Ninunue chakula cha dukani au nichanganye mwenyewe?* Kwa wiki mbili za mwanzo wafugaji wengi wadogo hupata nafuu kwa kununua cha kuanzia kinachoaminika, kisha wakachanganya cha kukuzia na cha kumalizia. Hakikisha tu una mizani, malighafi safi na mtu wa kukukagulia hesabu.

Kabla ya kuagiza vifaranga wa awamu ijayo, andika kwenye karatasi malighafi zako na kilo zake, kisha piga hesabu ya laisini na methionini kama tulivyofanya hapa. Ni kazi ya nusu saa kwa simu yenye kikokotoo, na inafanyika vizuri zaidi fedha zikiwa bado mfukoni.